Hodi Kumi na Tano

Hodi ya kwanza Leokadia Mberwa aliipiga kwa sauti ya mtu anayeomba asisikike. Ilikuwa saa tisa alasiri, Jumatatu, naye amesimama mbele ya mlango wa mabati juu ya mlima Nyamkoma, viatu vyake vya ofisini vimekuwa vyekundu kwa vumbi. Alisema, "Hodi," akasikia upepo. Akasema tena. Ya tatu akaipaza jinsi alivyofundishwa, kisha akangoja.

Hakujibiwa.

Mtu alikuwamo. Moshi ulikuwa ukitoka upenuni, hodi ya pili ilipopigwa redio ilizimwa, na baada ya ile ya tatu mtu alikohoa, tena kikohozi cha mzee asiyejali kujificha. Ila neno karibu halikutoka. Na mgeni mwenye adabu akishapiga hodi tatu bila kujibiwa huenda zake. Leokadia aligeuka akarudi kwenye gari, na njiani akajisikia nafuu, halafu akaona haya kwa ile nafuu.

"Hayupo?" aliuliza Idrisa Kapalata, katibu wake.

"Yupo."

"Basi hasikii, mheshimiwa."

"Idrisa, amezima redio ili anisikie vizuri."

Katibu aligeuka akautazama mlango. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na ushei, mzaliwa wa Urambo, mjuzi wa sheria kuliko wote walioapishwa katika ofisi ile, na katika sheria zote alizozihifadhi kichwani hapakuwa na moja iliyosema hapo watu hufanya nini.

Sheria iliyowapandisha mlimani iliitwa Sheria ya Mlango. Muungano wa Maziwa na Nyanda ulipozaliwa, nchi zake kumi na moja zilikuwa zimechoshwa na viongozi wanaotangaza vipaumbele jukwaani bila kumwona hata siku moja mtu waliyemweka chini kabisa. Ndipo waasisi wakaunda mtambo, wakauita Chekeche. Mratibu Mkuu mpya huandika orodha ya mambo saba atakayoyatanguliza kwa miaka mitano. Chekeche huipokea, likawachekecha raia wote milioni mia tatu, kila mmoja na dawa yake, shule yake na kisima chake, hadi abaki mmoja tu, yule ambaye orodha ile itamuumiza kuliko binadamu mwingine yeyote. Hapo kiongozi hana budi kufunga safari. Kifungu cha nne kinasema atafika mlangoni kwa mtu huyo, atapiga hodi, na akishakaribishwa atamweleza kwa kinywa chake mwenyewe. Si lazima mtu akubali. Lazima aambiwe, basi. Asipoambiwa, sahihi ya kiongozi ni mchoro mtupu.

Waasisi thelathini na watatu walibishana siku tisa juu ya kifungu hicho. Walibishana kama kiongozi aseme akiwa amekaa au amesimama, na kama anywe maji kabla ya kusema au baada. Hakuna aliyeuliza itakuwaje asipokaribishwa. Nani asiyemkaribisha mgeni? Katika nchi kumi na moja jambo hilo halikumjia mtu kichwani, likapita bila kuandikwa.

Na kichekesho ni kwamba wakati wanaiandika, hodi yenyewe ilikuwa imeanza kufa. Kule makao makuu milango huwatambua watu kwa nyuso na kujifungukia. Leokadia alilazimika kuletewa mwalimu wa mila, bibi mmoja mkali, aliyemfundisha siku mbili jinsi ya kusimama hatua tatu nyuma ya kizingiti na kutochungulia.

*

Alirudi mlangoni saa kumi na moja, akapiga hodi tatu nyingine. Kikohozi. Basi.

Hakwenda moja kwa moja garini safari hii. Aliuzunguka mji, maana Nyamkoma uliwahi kuwa mji. Ulikuwa mpaka wa nchi tatu. Bado mabango yalisimama, yakiwaamuru watu wazime injini na washuke na vyeti vyao mkononi. Palikuwa na safu ya vibanda vya mama lishe, meko yake ya mawe bado meusi, na nyumba za wageni zenye majina ya kujigamba kama Raha ya Safari na Hapa Ndipo. Malori yalikuwa yakilala hapa siku tatu, siku nne, yakisubiri mhuri. Palikuwa na wabadili fedha, wachuuzi wa mayai, wapagazi, mafundi wa matairi, wanandoa waliokutana foleni. Halafu Muungano ukaondoa mipaka, na watu wakashangilia, na lori la kwanza likapita bila kusimama, na la pili, na ndiyo ikawa kwa heri. Mji uliokuwa ukila kwa sababu watu wamezuiwa ulikufa siku walipoachiwa.

Hayo Leokadia alikuwa akiyafundisha chuoni miaka ile, akayaita mafanikio. Alikaa kwenye benchi la saruji la wasubiri mhuri, peke yake, akaona benchi lile lilijengwa refu sana.

Zabroni Gwimo, miaka themanini na mmoja, ndiye mtu pekee aliyebaki Nyamkoma. Alikuwa mwinua kizuizi, yaani yule aliyekishusha chuma kikakatiza barabara na kukiinua. Chini ya ubavu alivaa kichujio cha damu, na kila Jumanne gari la tiba lisilo na dereva lilipanda kona saba za mlima kuja kumbadilishia. Muungano ulikuwa na magari mia mbili na kumi ya aina hiyo. Katika orodha ya Leokadia jambo la kwanza liliandikwa hivi: magari yote ya tiba yahamie mwambao wa ziwa, mara moja na bila kubagua, hadi homa ya kijani ikome. Homa hiyo ilitoka kwenye ukungu wa majini, ikiwashika watoto ini. Katika orodha ya mtangulizi wake ilikuwa ya sita, chini ya ukumbi mpya wa mikutano. Na orodha hiyo ya mtangulizi ndiyo ingeendelea kutumika, miaka yote mitano, kama kesho, siku ya arobaini tangu aapishwe na ya mwisho kisheria, saa sita mchana ingefika Leokadia hajasaini.

Bila kichujio, Chekeche lilisema, Mzee Zabroni angeishi siku arobaini, labda na tano. Mjini kando ya ziwa kulikuwa na nyumba ya wazee wenye vichujio. Chekeche lilisema pia kwamba hatashuka.

*

Usiseme Leokadia alikuwa mgeni wa kazi hii. Huyu alikuwa mtu wake wa tatu.

Orodha ya kwanza ilimpeleka kwa mfuga nyuki wa nyanda za kusini, mama mwenye meno mawili, aliyemchinjia jogoo kabla hajajua ameletewa nini. Leokadia alikula paja, akasema aliyokuja kusema, akalia njia nzima, na alipofika ofisini akaibadilisha orodha. Chekeche likachekecha upya. Akabaki mwalimu kipofu wa shule ndogo ya wasioona, aliyemmenyea machungwa mawili kwa vidole visivyokosea. Ikabadilishwa tena. Magazeti yalimwita mwenye huruma. Idrisa hakumwita jina lolote, lakini jioni ile ya machungwa alimwambia, "Mheshimiwa, kila ukimnyanyua mmoja pale chini, anashuka mwingine. Chini hapakosi mtu."

Naye alijua ni kweli. Na moyoni alijua zaidi: hakubadilisha orodha kwa huruma. Alibadilisha kwa sababu nyumba aliyopewa ina vyumba kumi na vinne, milango yake yote inamfungukia kabla hajaifikia, na ndani hamna mtu wa kumwambia pole. Ndugu zake walianza kumwita mheshimiwa wiki ile ile aliyoapishwa. Mumewe alikwisha kufariki. Watu wawili tu waliomkaribisha kwa roho safi katika siku arobaini walikuwa wale aliokwenda kuwaumiza, na hakuweza kuvumilia wamchukie. Hiyo haiitwi huruma.

Jumanne alipiga hodi tatu saa kumi na mbili asubuhi, tatu saa mbili, na tatu saa nne. Ile ya mwisho sauti ilimkauka katikati. Alirudi garini akakaa, na Idrisa akafunga dirisha kana kwamba mlimani kuna wa kuwasikiliza.

"Iko njia," alisema katibu. "Siipendi, lakini iko."

"Sema."

"Kinasa kilichoko kwenye kola yako kinasubiri kitu kimoja tu, neno karibu kwa sauti ya Zabroni Gwimo. Na Chekeche lina sauti yake. Miaka mingapi anazungumza na lile gari la tiba? Linaweza kuunga neno likatoka zima. Nikilicheza pale mlangoni, wewe unasema yako kwa sauti, ndani anakusikia. Ameambiwa. Kilichokosekana ni neno moja la adabu."

Leokadia aliangalia saa. Nne na robo.

"Liunge," alisema.

Idrisa aligusa kioo cha dashibodi, na punde gari likajaa sauti ya mzee. "Karibu. Karibu sana mama, karibu ndani. Pole na safari."

Ilikuwa sauti nzuri. Ilikwaruza kidogo mwanzoni, ikatulia mwishoni, ikawa na joto la mtu anayekusogezea kiti. Leokadia alishangaa kuona machozi yamemtoka. Siku arobaini hakuna aliyemwambia pole namna hiyo, na aliyemwambia sasa hakuwa mtu.

"Ifute," alisema.

"Mheshimiwa."

"Nimesema ifute. Nikianza hapa, kesho kutwa sitapanda hata mlima. Nitakaa ofisini Chekeche linikaribishe."

"Na saa sita je?" Idrisa hakupandisha sauti, wala hakuondoa mkono juu ya kioo. "Watoto elfu kumi na moja na mia tatu, mheshimiwa. Mambo ya kesho kutwa utayaonea haya kesho kutwa. Wao hawana hiyo kesho kutwa." Kisha akafuta, kwa sababu ameamriwa, akatoka nje, akaenda kusimama mbali kando ya barabara, ameligeuzia gari mgongo. Leokadia hakuwahi kumwona akiondoka kazini bila ruhusa. Alidhani ni hasira. Alikaa garini peke yake hadi saa tano na nusu.

*

Itifaki ya Muungano inamkataza Mratibu Mkuu kumwamkia raia yeyote shikamoo. Waasisi waliona kwamba akimwamkia mzee wa nchi moja, nchi nyingine kumi zitadai zao. Leokadia alifika mlangoni kwa mara ya sita, akavua kinasa kwenye kola, akakiweka juu ya jiwe mahali ambapo kingeweza bado kusikia, na hakupiga hodi.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba," ilijibu sauti ya ndani, papo hapo, kama goti linavyoruka likigongwa. Kikafuata kicheko kidogo kilichoishia kwenye kikohozi. "Lo! Umenikamata. Mwanamke mjanja wewe."

"Sikukusudia ujanja."

"Ulikusudia nini basi?"

"Nilikuwa nimechoka kusema hodi."

"Mimi sikuchoka." Kiti kiliburuzwa, na sauti ikaja karibu, ikawa inatokea pale pale nyuma ya bati. "Kumi na tano. Nimezihesabu zote. Unajua hodi ya mwisho kabla ya zako ilipigwa lini hapa? Miaka kumi na minne. Muuza vyandarua, alikuwa amepotea njia. Jana niliposikia ile ya kwanza nilikaa kitako kitandani nikajiambia, Zabroni, hii ni ndoto ya homa. Ulipopiga ya pili nikazima redio."

"Nilisikia."

"Nikajua ni nyinyi. Habari zako nilizipata redioni, mama wa kubadilisha orodha. Nikasema, haya, nikimkaribisha huyu ataingia, atasema lililomleta, ataondoka. Nisipomkaribisha atapiga nyingine." Aligonga bati kidogo kwa kidole. "Ukapiga nyingine. Jioni ukapiga nyingine. Usingizi kama wa jana sijaupata tangu mke wangu afariki. Nililala nikijua nje kuna mtu ananitaka."

Leokadia aliegemea ukuta. Alikuwa amejiandaa kwa mtu mwenye hasira, mtu anayeipigania roho yake kwa silaha pekee aliyoachiwa, na silaha hiyo alikuwa akiiheshimu. Hakujiandaa kwa hili.

"Mzee, saa sita mchana muda wangu unakwisha."

"Najua. Redio imesema."

"Usiponikaribisha, orodha yangu inakufa. Gari lako litaendelea kuja."

"Hilo nalo najua. Mimi si mjinga, nilikuwa serikalini." Akakohoa. "Gari litakuja kila Jumanne. Litasema, habari ya leo, mzee Zabroni, inua mkono wa kushoto. Nitainua. Litaniambia siku njema. Litashuka. Wewe utakuwa umeshuka. Nikuulize, mama. Uko peke yako?"

"Niko na katibu."

"Sikuuliza hivyo."

"Niko peke yangu," alisema Leokadia.

Komeo lilivutwa. Mlango ulifunguka upande, ukikwaruza sakafu, na mzee mrefu mwenye fulana iliyopigwa viraka akasimama pale, ndevu zimenyolewa upya kiasi kwamba kidevuni kulikuwa na damu kidogo. Alikuwa amevaa kofia ya zamani ya forodha.

"Karibu," alisema Zabroni Gwimo. "Na ujue, karibu si ndiyo. Nimekukaribisha wewe. Hilo ulilolibeba sijalikaribisha."

*

Chumba kilikuwa na viti sita, vyote vimepangwa kuelekea mlangoni. Alimkalisha kwenye kimoja, akampa maji katika bilauri iliyokuwa imesuguliwa hadi ikapoteza maua yake. Leokadia alikunywa yote. Kisha akasema, kwa kinywa chake, bila karatasi.

"Mzee Zabroni, nimeandika orodha ya mambo saba ya kutangulizwa katika nchi zetu. Kwa orodha hiyo, wewe ndiye utakayeumia kuliko watu wote. Gari lako litaondolewa. Bila gari, na ukibaki hapa, utakufa."

"Lini linaondoka?"

"Nikishasaini."

"La leo je? Leo Jumanne. Hufika saa sita na robo."

Leokadia alimwita Idrisa. Katibu alikuja hadi kizingitini, akasimama hapo kwa sababu hajakaribishwa, akalisikia swali, akainamisha kichwa. "Orodha ikisainiwa, magari yote hugeuka palipo. Imeandikwa mara moja na bila kubagua."

"Nani aliandika?" aliuliza mzee.

"Mimi," alisema Leokadia. Alikuwa amelipenda neno lile, mara moja. Alilipigia mstari. "Idrisa, tukiongeza maneno mawili tu? Isipokuwa leo?"

"Ni orodha mpya, mheshimiwa. Chekeche litachukua saa tatu kuichekecha. Sasa ni saa tano na dakika hamsini."

Kwa mbali, chini kabisa ya mlima, honi ililia. Sheria iliyataka magari yasiyo na dereva yapige honi kila kona.

"Kona ya kwanza," alisema Mzee Zabroni. Alivua kofia akaiweka gotini.

"Kuna nyumba ya wazee kule ziwani," Leokadia alisema haraka. "Nitakuchukua mwenyewe kwa gari langu, leo hii."

"Nilikaa kule miezi miwili kwa mwanangu. Milango inajifungukia tu. Watu wanapita chumbani mwako kama upepo, hujui nani kaingia nani katoka. Nikarudi." Alimwangalia usoni. "Labda nitashuka. Labda sishuki. Hilo ni langu, usilitie kwenye orodha yako ili upate kulala."

Ndivyo hasa Leokadia alivyotaka kufanya.

"Ile siku ya Muungano," aliendelea mzee, "nilikiinua kile chuma mara ya mwisho. Walinipigia vigelegele. Mimi mwenyewe nililia kwa furaha, Mungu ananiona. Wakapita wote. Nikawapungia mkono, wa tatu, wa nne, wa mia. Nilidhani wengine watasimama wanisalimie." Honi ikalia tena, karibu kidogo. "Ya pili. Haya, na magari yangu haya anapewa nani?"

"Watoto wa mwambao. Elfu kumi na moja na mia tatu."

"Nitajie mmoja."

Leokadia alijua idadi yao kwa wilaya, kwa umri na kwa hatua ya ugonjwa. Alimjua mfuga nyuki kwa jina la baba yake, alimjua mwalimu kipofu na jina la mbwa wake. Sheria ya Mlango ilimpeleka kwa anayeumia na haikumpeleka popote kwingine. Hakumjua mtoto hata mmoja.

"Simjui," alisema, na hakuna siku aliyoona aibu kuliko hiyo.

"Unanichukulia roho unampa mtu usiyemjua jina?" Sasa mzee alikuwa na hasira, hasira kavu isiyo na kelele. "Mimi nilisoma cheti cha kila aliyepita hapa. Kila mmoja! Nataka nimjue anayepita juu yangu."

"Nyamizi," alisema Idrisa kutoka kizingitini.

Waligeuka wote wawili.

"Anaitwa Nyamizi, mzee. Ana miaka minne. Macho yamekuwa manjano tangu mwezi jana, na tumbo limejaa maji. Anapenda kuvaa viatu vya mama yake." Katibu aliyasema hayo akitazama sakafu. Hakuwa na karatasi wala kioo mkononi. "Mama yake ni dada yangu. Ameolewa kule Mwaro, ufukweni."

"Idrisa," alisema Leokadia. "Siku arobaini. Mbona hukuniambia?"

"Kiapo cha katibu, mheshimiwa. Haruhusiwi kuleta wa kwake mezani." Alijifuta uso kwa kiganja. "Na hukuniuliza."

Ya tatu ililia, na baada ya muda ya nne. Mzee Zabroni alimtazama yule mwanamume aliyesimama nje ya mlango wake bila kuthubutu kuukanyaga.

"Ingia, wewe," alisema. "Karibu. Kaa hapo." Kisha akamgeukia Leokadia. "Tia sahihi yako. Hapa hapa, nikuone. Usiende kuitilia garini."

"Unakubali, mzee?"

"Sikubali! Nimekwambia sikubali. Sitakubali hata kaburini. Nimesema utie nikikuona, basi."

Leokadia alitoa kibao cha kioo kwenye mkoba wake wa begani. Kinasa kilichokuwa juu ya jiwe kilikuwa kimekwisha kupeleka neno, na mstari wa sahihi ulikuwa wazi, unasubiri. Saa sita kasoro dakika mbili. Alifikiri juu ya kuibadilisha orodha. Alifikiri hivyo hata wakati kidole kiko juu ya kioo, kwani mwili ulikuwa umekwisha kuzoea njia ile. Hakuna aliyemsukuma na hakuna aliyemzuia. Wanaume wawili walimtazama mkono. Akaandika jina lake lote, pole pole, herufi zote.

Walikaa wakisikiliza. Huko chini barabarani gari lilikuwa limekaribia kona ya tano, mngurumo wake mwembamba ukipanda. Ukakatika. Ukaja mlio ule wa kurudi nyuma, wa vipande vipande, kisha mngurumo tena, na honi. Ilikuwa ya kona ya nne, safari hii ikitokea juu. Ikaja ya tatu, hafifu. Ya pili Leokadia hakuwa na hakika kama ameisikia au ameidhani. Mzee Zabroni alikuwa ameshika ubavu wake wa kushoto kwa mkono wazi, na midomo yake ilikuwa ikitembea, akihesabu.

Alipomaliza kuhesabu hakumwangalia Leokadia. Alimwangalia Idrisa.

"Dawa ya kunywa ya magari yale ni chungu mno," alimwambia. "Mimi hupewa kila Jumanne, naijua. Mtoto ataitema. Mwambie dada yako asimwachie kikombe akaondoka. Asimame pale pale hadi ameze."